Mshono Uko Wapi?

Mjini kuna teksi yenye kope. Si utani. Ni kope nyeusi za plastiki, zimebandikwa juu ya taa za mbele, zimepinda kama za bibi harusi, na mvua ikinyesha zinalala upande mmoja kana kwamba gari limelia usiku kucha. Ubavuni lina miale ya moto. Kwenye boneti lina tai aliyekunjua mabawa, na nyuma lina bawa la plastiki ambalo halijawahi kulirusha popote. Dereva wake ni mtu mzima, ana wajukuu, na gari lenyewe analipenda kupita kiasi.

Aliyelifanyia gari hilo mambo yote hayo ni binti wa fundi rangi, ambaye mtaa mzima ulimwita Stika. Alikuwa na kibanda chake pale pale mbele ya gereji ya baba yake, meza moja, kisu kimoja kikali, na mabunda ya stika yaliyosimama ukutani. Ukiwauliza watu watakuambia kwamba huyo dada ana wazimu wa kupamba magari, kwamba akiona chuma tupu mikono inamwasha. Watu nao wana maneno. Ukweli ni kwamba Stika hakupenda stika. Hakupenda moto, hakupenda tai, na zile kope alizibandika huku ameangalia pembeni kwa aibu. Yote aliyafanya kwa ajili ya baba yake, na baba yake hakujua.

Baba yake walimwita Mzee Kioo, maana zamani gari likitoka mkononi mwake, dereva aliweza kusimama ubavuni mwake akanyoa ndevu. Alikuwa fundi wa kulinganisha. Kupaka gari zima rangi mpya si kazi kubwa, hata mwenye papara ataweza. Kazi ni pale gari limegongwa mlango mmoja tu. Mlango unanyooshwa, unapigwa msasa, unapakwa, na rangi yake mpya inatakiwa ikutane na ile ya zamani, iliyopigwa jua na mvua miaka yote hiyo, bila mtu kujua zimekutania wapi. Mahali hapo pa kukutana mafundi hupaita mshono. Fundi mbaya mshono wake unauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Wa Mzee Kioo ulikuwa hauonekani hata ukiutafuta kwa pua.

Na ulitafutwa kweli. Kila kazi ikikauka, gari lilisukumwa nje juani. Mzee Kioo alisimama karibu na geti, akalipa gari mgongo, akauliza, "Mshono uko wapi?" Hapo mtu mwingine alilizunguka gari polepole. Akiuona mshono, aliweka kidole akasema, "Uko hapa," na kazi ilianza upya bila ugomvi. Asipouona alisema, "Sijauona." Ndipo mzee alipofuta mikono na kumwita mwenye gari. Bila neno hilo, gari halikuvuka geti.

Miaka mingi aliyezunguka gari alikuwa mama yake Stika, Mungu amrehemu. Mama huyo alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kidole. Mara ngapi mumewe alikuwa amechoka, mwenye gari amesimama pale anakunja uso, na mama akaweka kidole chake juu ya bati akasema, "Uko hapa, baba watoto," kisha akaenda kumtengea chai. Alipofariki, kazi ya kidole ikamwangukia binti.

Mwanzoni Stika aliifanya vizuri. Halafu siku moja likasukumwa nje gari jeupe la mwalimu mmoja, na Stika akauona mshono kabla hajafika. Mlango ulikuwa umegeuka bluu, kama shati la shule lililotiwa bluu nyingi ya kufulia. Akadhani baba anamjaribu. Akageuka kumtazama. Akaona mgongo wake tu, ovaroli iliyopauka mabegani, na shingo ambayo siku hizo ilikuwa imekonda. Mgongo ule ulikuwa unasubiri bila wasiwasi wowote. Baba hakuwa anajaribu mtu. Baba hakuona.

Mara kwa mara mzee alikuwa akisema, "Siku mkono huu ukikosea, nafunga geti nakwenda kukaa." Alilisema kama mzaha, lakini Stika alimjua. Tangu mama aondoke, kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa ile harufu ya thina ya rangi na swali lake la juani. Mafundi wenzake waliostaafu walikuwa wakikaa vibarazani wakihesabu wapita njia, na mmoja mmoja walikuwa wanazikwa. Stika alikuwa ameshazika mzazi mmoja. Hakuwa tayari kwa wa pili.

"Sijauona," akasema.

Baada ya hapo ikabidi amkimbilie mwalimu nje ya geti, amshawishi kwamba magari ya kisasa hayaendi bila mstari ubavuni. Mwalimu akakubali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Stika ufa aliuona, akauziba kwa stika, na ufa ukazidi kupanuka. Kosa dogo lilihitaji mstari. Kosa la wastani lilihitaji moto. Boneti nzima ikikosewa, hapo tai hakwepeki. Ile teksi ilikuwa imekosewa boneti pamoja na fenda zote mbili, yale mabati ya juu ya magurudumu ya mbele, na kope zilikuwa jitihada za mtu aliyeishiwa akili.

Mzee naye alikuwa akizitazama kazi hizo kwa subira ya ajabu.

"Mama," alisema siku ile ya teksi, maana alimwita binti yake mama tangu akiwa mdogo, "huyu tai mbona kama kuku aliyefukuzwa jikoni?"

"Ndiyo mtindo, baba."

"Haya. Kama ndiyo mtindo." Akatikisa kichwa, akaongeza haraka, "Ila amependeza. Amependeza sana."

Stika alijua baba anamwonea huruma tu, na moyo ukamuuma.

Basi wakaishi hivyo, mpaka alipokuja Nesi.

Nesi alikuwa mama mstaafu aliyenyooka kama rula, na gari lake lilikuwa limestaafu naye. Nesi alipokuwa angali kijana wa wodini, Mzee Kioo ndiye aliyelipaka. Rangi yake aliichanganya mwenyewe kwa kijiti, kwa kufuata kitambaa ambacho Nesi alikipenda. Haikuwa nyeupe wala ya manjano, ilikaa katikati ya hizo mbili, na ndani yake kulikuwa na wekundu kidogo sana ambao hauonekani mpaka jua lilale. Rangi hiyo haina jina wala namba. Sasa Nesi alikuwa ameukwaruza mlango kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Stika akasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo? Mwambie nimemletea mtoto wake, ameumia." Kisha akashusha miwani, akayatazama mabunda ya stika, akamtazama na mwenye stika. "Na tuelewane mapema. Sitaki tai. Sitaki moto. Sitaki mstari hata wa unene wa uzi. Nataka gari langu kama nilivyolichukua hapa siku ya kwanza, na baba yako anaweza."

"Anaweza," Stika akasema.

Kesho yake alichomoa kifuniko cha tangi la mafuta la gari hilo, akakimbia nacho kwenye duka la rangi, lile lenye mashine. Siku hizi hakuna anayechanganya kwa kijiti. Unapeleka kipande, mashine inakimulika, inafikiri kidogo, inadondosha rangi zake ndani ya kopo, na kopo linatikiswa mpaka basi. Stika alirudi nalo amelifunika kwa kanga, akapaka kipande cha bati, akakiweka kando ya gari. Zilifanana kama mtu na ndugu yake. Lakini kwenye mshono ndugu hatoshi, anatakiwa pacha.

"Hiyo nini?" Baba alikuwa nyuma yake.

"Nilikuwa najaribu ile mashine, baba. Nikupunguzie kazi."

Mzee alichukua bati, akalinusa, akalirudisha. Hakukasirika. "Mashine inajua rangi ilivyotoka kiwandani. Hii haijawahi kukanyaga kiwanda. Lete kijiti."

Akachanganya mwenyewe. Stika akamtazama akidondosha nyeupe, manjano, nyekundu ya ncha ya kijiti, akakoroga, akapaka ukucha wa dole gumba, akaulinganisha na gari, akaridhika. Ukucha ulikuwa umelalia bluu. Stika akafungua mdomo, akaufunga. Kisha mzee akashika bastola ya kupulizia rangi, na hapo ukimwona utasema hazeeki. Mkono ulipita mlangoni kwa mwendo mmoja, hausiti, hautetemeki, rangi inatua laini bila hata tone moja kuteleza. Mkono ulikuwa bado mzima. Hilo ndilo lililomfanya binti yake atamani kulia.

Asubuhi wakalisukuma gari juani. Mzee akaenda getini, akalipa mgongo.

"Mshono uko wapi?"

Stika hakuhitaji kuzunguka. Mlango ulikuwa umekaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Mchana Nesi angekuja, angeshusha miwani yake, na angeyasema yote mbele ya watu, maana alikuwa na mdomo usiopaka mafuta. Na stika alishazikataa. Stika alitazama ule mgongo. Neno "sijauona" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akamkumbuka mama yake akiweka kidole halafu akienda kutenga chai, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba chai ile na kidole kile vilitoka moyo mmoja.

"Uko hapa, baba."

Mzee akageuka. Alikuwa amelisahau jibu hilo. Akaja, akainama. "Wapi?"

"Hapa. Na huku. Mlango wote, baba."

Akauangalia kutoka mbali, akauangalia kutoka karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye rangi. Akapitisha kiganja. "Mimi sioni kitu."

"Najua, baba."

Kompresa ya jirani ililia ikanyamaza. Mzee alibaki ameinama.

"Tangu lini?"

"Tangu lile jeupe la mwalimu."

Alihesabu kimya kimya, ukamwona anazipitia kazi zake moja moja. "Ile pikapu ya muuza mbao?"

"Mstari wa kijani."

"Lile la mchungaji?"

"Moto."

"Mchungaji umemwekea moto?" Akanyooka. "Na teksi? Yule tai?"

"Boneti nzima, baba."

"Na kope?"

"Fenda zote mbili. Nilitaka watu watazame taa."

Mzee Kioo akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Mabega yakaanza kutikisika. Stika akapiga magoti mbele yake, akijua sasa amemuua baba yake kwa mkono wake mwenyewe, na ndipo alipogundua kwamba mzee anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanatoka, na ilikuwa vigumu kusema kipi kilianza.

"Mimi nilidhani unawapenda!" akasema. "Hao tai! Dereva wa teksi alikataa katakata, akasema yeye ni babu wa watu, atachekwa. Nikamfuata mpaka stendi. Nikamwambia, 'Ndugu yangu, nakuomba. Mwanangu hana kingine kinachomfurahisha. Hana mama. Mwache abandike.'"

"Baba!"

"Hata mchungaji nilimbembeleza. Nilimwambia moto ule ni wa Roho Mtakatifu."

Wakacheka wote wawili, wameshikana mabega, mpaka fundi wa matairi akachungulia kuona kuna nini. Halafu kicheko kikaisha, kama kinavyoisha, na kilichokuwa chini yake kikaonekana.

"Uliniambia hujauona," mzee akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Kila mara nilikupa mgongo, na kila mara ukaniambia hujauona. Mama yako asingenifanyia hivyo."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Mama hakuwahi kuogopa kwamba utafunga geti," akajibu. "Mimi niliogopa. Bado naogopa."

Mzee akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza chini. Akanyanyuka kwenye ndoo.

"Lete kopo," akasema. "Na wewe simama hapa, pembeni yangu. Usiende kibandani."

Kumbe kuchanganya rangi kwa macho ya mtu mwingine ni kazi ya kutafutana gizani. "Sema," baba aliamuru, na Stika akasema imelalia bluu.

"Kiasi gani?"

"Kama maziwa yaliyotiwa maji."

Mzee akadondosha manjano ya ncha ya kijiti. "Sasa?"

"Sasa imekuwa siagi."

"Wewe mtoto, nimekuuliza rangi, unanitajia chakula! Hujala?"

"Basi joto limezidi. Ipoe kidogo."

"Hapo umesema." Akatia nyeupe, akakoroga. Polepole wakapata lugha yao. Joto, baridi, imelala, imeamka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile viwili vilikuwa vimekutana. Alipouliza kwa mara ya mwisho, Stika hakujibu upesi. Alipaka ukucha wa baba yake, akaushika mkono wake, akauegemeza kwenye gari, na kile kidole gumba kikapotea kwenye bati.

"Baba, ukucha umekwenda," akanong'ona.

Nesi alifika wakiwa wanaupiga mlango msasa upya. Stika alimweleza ukweli kwamba gari halijawa tayari, na kwa nini. Nesi hakupiga kelele. Alimwendea mzee, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Fundi, hili ni mtoto wa jicho. Na la pili hivyo hivyo. Umeliona tangu lini?"

"Sijaliona. Si ndiyo tatizo?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuna watu wanalitoa, nimefanya nao kazi miaka yangu yote. Jumatatu nakupeleka mwenyewe."

Mzee akafikiri. "Wakilitoa, nitaona kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na tai?"

"Na tai."

"Basi Jumatatu ni mapema mno," mzee akasema. "Nipeni muda nijiandae."

Akapuliza rangi jioni ile ile, kabla jua halijazama. Stika akashika mpira wa hewa wa ile bastola usiguse mlango, kama mama yake alivyokuwa akiushika. Wakaliacha likauke, wakafunga geti, na mzee akaenda nyumbani bila kusema anafungua au hafungui kesho.

Alifungua. Stika alimkuta ameshalisukuma gari nje peke yake, na Nesi amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini. Mzee akaenda mahali pake, akalipa mgongo. Kabla ya kuuliza alikohoa kidogo.

"Mshono uko wapi?"

Stika akazunguka. Alitazama kwa mbali, akatazama akiwa amechuchumaa, akaegemeza shavu kwenye bati na kutazama ubavu wote ulivyokwenda. Akarudi upande wa jua, akaanza tena. Aliutafuta ule mshono kama mtu anayetaka kuupata. Hakuupata.

"Sijauona," akasema.

Mzee hakufuta mikono, wala hakumwita mwenye gari. Alibaki vile vile, amempa mgongo, na Stika akaelewa. Neno lilikuwa lile lile alilompa kwenye gari la mwalimu, kwenye pikapu, kwenye teksi. Alikuwa amelitumia likaisha, na sasa, siku ambayo lilikuwa kweli, hakuwa na jingine. Angeapa, lakini kiapo nacho ni maneno tu.

Baba akageuka. Akaja taratibu, akaupita mlango bila kuutazama, maana mlango usingemwambia kitu. Akamfikia binti yake, akamshika mikono yote miwili. Akaifungua. Akatazama viganja, akatazama vidole, akachungulia mpaka kwenye mifuko ya dera lake. Hapakuwa na stika. Hapakuwa na kisu. Kibanda kilikuwa bado kimefungwa.

"Na tai je?" akauliza.

"Hana pa kukaa, baba."

Mzee Kioo akaendelea kuishika mikono ile kidogo. Kisha akachomoa kitambaa mfukoni, akafuta yake, akamwita mwenye gari.